Sindano Tatu

Daktari alifungua kitabu chake cha macho, akakiweka kando ya picha iliyopigwa ndani ya jicho la Mwanakheri.

"Ugonjwa huu wa kurithi huenda polepole," alisema. "Uvimbe wa nyuma ya jicho huja mtu akishapita miaka sitini. Wewe una thelathini na tisa. Rudi baada ya miaka mitano."

Mwanakheri, fundi wa nguo, aliinama akachungulia. Jicho la kitabuni lilikuwa la rangi ya chungwa. Lake lilikuwa la hudhurungi iliyokolea.

"Hili ni la nani, daktari?"

"La Mzungu. Waliopimwa humu wote ni Wazungu."

"Na sisi tuko ukurasa gani?"

Daktari alifunua kurasa kwenda mbele, kisha akarudi nyuma.

Mwanakheri akafungua pindo la kanga, akatoa kitambaa kilichochomekwa sindano tatu. Kwao, mwanamke akishindwa kutunga uzi kwa kutoona, sindano ya mwisho aliyoitunga haishonewi tena. Huwekwa na uzi wake.

"Yenye uzi mwekundu ni ya bibi, alikuwa na arobaini na nne. Ya kijani ni ya mama, arobaini na mbili. Hii nyeupe ni ya dada yangu, mwaka jana. Alikuwa na arobaini."

Daktari alikisukuma kitabu pembeni, akavuta karatasi tupu. "Bibi alikuwa na mingapi, umesema?"

Lakini Mwanakheri alikuwa ameshachomoa kwenye pindo la kanga sindano ya nne, yake mwenyewe, isiyo na uzi. Alilowesha ncha ya uzi mweusi mdomoni, akageukia mwanga wa dirishani kujaribu kuitunga. Daktari akainua kalamu, akangoja.