Koo la Kuitikia

Hakuna mwanamuziki wa kunishinda mtaani kwetu. Ala sijui kupiga hata moja, na kazi yangu kubwa niliifanya nimelala.

Siku hizi ni sheria: besi ya kompyuta ikiita kwenye wimbo, sharti koo la binadamu liitikie. Likiitikia la bandia, kisanduku cha ukaguzi, ambacho kila sebule inacho, kinafuta wimbo na mtunzi anafungiwa miaka mitano.

Mjukuu wangu Mwajabu hutunga dabstep, muziki wa besi nzito inayonguruma. Mchana ule tuliketi naye, mimi na mume wangu Mzee Kondo, wimbo wake ukipimwa.

Besi ikashuka: "Wuuub-wub-wub!" Kimya kidogo. Ikaitikiwa: "Khrrrr-fyuuu!" Besi ikaita tena kwa ukali, jibu likaja zito zaidi, hata vikombe vikatetemeka kabatini.

"Mjukuu wangu, hiyo si mashine ya kusaga?" akaguna Mzee Kondo. "Watakufungia!"

Wimbo ukaisha. Kisanduku kikasema, "Koo hai. Wimbo umepita."

Mwajabu akaniangukia shingoni akilia kwa furaha.

"Koo la nani lile?" akauliza mzee.

"Lako, mume wangu," nikawahi. "Si ndilo linaloninyima usingizi miaka yote!"

Hakuna aliyekiuliza kisanduku, lakini kilijibu: "Koo la Bi Tatu akikoroma; Mwajabu alilirekodi. Tunalisikia kila siku alalapo mchana hapa sebuleni."

Mzee Kondo akanigeukia polepole. "Miaka arobaini, Bi Tatu! Miaka arobaini unanilaza sebuleni, eti mimi ndiye ninayekoroma!"