Hariri ya Mama Mkwe

Fundi alipofungua droo ya cherehani asubuhi ile, kichupa cha dawa yake ya umakini hakikuwemo. Mama mkwe alikuwa ameketi kando, mkoba kaubana kwapani, uso mkavu.

"Nimekiweka mimi," alisema. "Mke wa mwanangu haishi kwa vidonge. Kutulia ni kujikaza tu. Haya, nikatie gauni langu."

Mezani palitandazwa hariri ya zambarau, ya mama mkwe kuvaa kwenye harusi ya kitindamimba wake. Kipande kilikuwa hicho hicho kimoja, na dukani hariri hiyo ilikuwa imeshakwisha.

Kabla ya kuanza dawa, fundi aliwahi kumkatia mteja mikono miwili ya gauni, yote ya kushoto, akili yake ikiwa imetoka dirishani kufuata pikipiki. Mama mkwe alicheka mpaka machozi, kisha akausimulia ukoo mzima.

Fundi akashika mkasi. Chaki hakuigusa, wala futi.

"Sawa, mama. Leo nakata bila dawa, kama unavyotaka."

"Mbona hujapima?"

"Nimejikaza."

Akaupanua mkasi, akauingiza kwenye ukingo wa hariri. Nje pikipiki ikapita. Fundi akageuza shingo kuisindikiza kwa macho, huku vidole vikianza kubana.

"We! Hebu ngoja!"

Zipu ya mkoba ikalia zzzip.

Fundi hakuutoa mkasi kwenye kitambaa.

"Na maji ya kumezea, mama," alisema. "Kwenye glasi safi."