Kazi Iliisha

Cheruto alikokota godoro kutoka nyumbani kwake, akapita nalo katikati ya viazi vya mama mkwe, akalibwaga mlangoni pake.

"Weldon atoke! Kama hataki kulala kwangu, achukue na hii alale nayo huko kwa stoo!"

Chepkurui, mama yake Weldon, aliacha kukamua ng'ombe. Alikuwa mjane, mtu wa maombi, na aibu ilimshika hadi masikioni. Mambo ya kitanda hayaletwi kwa mama mkwe, tena mchana kweupe.

"Cheruto, punguza sauti. Majirani."

"Wasikie! Walipokuwa wakiniita tasa, nani alipunguza?"

Kijiji kizima cha Kabazi kilijua Cheruto na mumewe Weldon walikuwa wakienda kwa daktari wa uzazi Nakuru. Daktari ndiye aliyewapangia hata siku za kulala pamoja, na Weldon aliita jambo hilo kazi. Simu ya Cheruto ingelia yuko shambani, naye angetupa jembe. "Naitwa kazi," angesema, kwa uso wa mtu aliyeitwa polisi.

Gedion, kaka ya marehemu mume wa Chepkurui, alikuwa ameshafika uani. Kelele haikuwahi kumpita.

"Mwanaume hahami kitanda bure," alisema. "Kwani yeye ni fahali, aitwe tu saa unataka?"

"Na mimi ni ng'ombe, Mzee?" Cheruto alimgeukia. "Nimedungwa sindano mpaka tumbo ikageuka rangi. Nimelala nikiangalia mabati, mtu ananimalizia haraka kama anayepalilia shamba ya jirani. Nikavumilia. Saa hii hata kunishika mkono hataki! Anapita kando yangu kama nimepakwa rangi mbichi!"

Weldon alitoka stoo, vumbi la viazi kwenye nywele. Hakumtazama mtu.

"Uko na mwingine?" Gedion aliuliza.

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Weldon alifikicha tope kidoleni. "Kazi iliisha. Hata daktari anajua."

Gedion akavua kofia polepole. Akamsogelea, akashusha sauti ambayo haikushuka.

"Hiyo si aibu, kijana. Ni ugonjwa wa sukari. Hata baba yako ulimpata hivyo hivyo."

"Gedion!" Chepkurui alifoka.

Maombi yote yale, mifungo yote ile, na sasa mwanawe hana nguvu za kiume. Hasira ikampanda, na aliyekuwa karibu ni Cheruto.

"Ndiyo unatangaza udhaifu wa bwana yako mbele ya watu? Huna adabu! Na sasa mtoto utampata wapi, niambie, mtoto utampata wapi?"

Cheruto aliunyakua mkono wa mama mkwe, bado ukiwa na maziwa, akaupeleka chini ya sweta lake na kuukandamiza tumboni. Chepkurui akataka kuuondoa. Kisha kitu kikampiga teke kiganjani.

"Mtoto ndiye huyu, Mama. Ndiyo hiyo kazi anasema iliisha," Cheruto alisema. "Mimi nimekuja kutafuta bwana yangu."