Mtihani wa Kusonga Ugali

Siku hizi mtoto hafanyi mtihani; roboti lake ndilo linalofanya. Kazi ya mtoto ni kulifundisha kwa maneno tu, na akitia mkono wake, alama zinakatwa. Ndiyo maana Naelijwa alisimama jikoni kwake kama mgeni, akimsikiliza binti yake, Nakunda, akilielekeza roboti la shule kusonga ugali.

"Mkono wa kulia. Shika mwiko. Geuza," alisema Nakunda, mikono ameificha nyuma.

Roboti likageuza, unga ukaruka hadi ukutani.

"Vizuri sana."

"Vizuri nini?" Naelijwa alifoka. "Hebu shika mwiko wewe! Msichana mzima, hata chai hujawahi kupika!"

"Mwalimu amekataza, mama."

"Mwalimu ndiye atakayekula mabonge haya?"

Kabla hajajibiwa, roboti likaishiwa chaji, likaganda na mwiko wake sufuriani. Harufu ya kuungua ikapanda.

"Nakunda, geuza!"

Msichana hakusogea. Alimtazama mama yake, akasema kwa sauti ileile ya upole, "Mkono wa kulia. Shika mwiko. Geuza."

Naelijwa akaunyakua mwiko, akageuza kwa nguvu zake zote huku akiilaani shule na aliyeileta. Ugali ukapona.

"Vizuri sana," ilisema sauti ya Nakunda nyuma yake. "Sasa punguza moto."

Naelijwa akafungua mdomo amkaripie, akakuta mkono wake umeshapunguza.