Tone la Kisima cha Shembilu

Siku Shembilu alipozikwa, waombolezaji wote walikunywa maji ya kisima alichokichimba mwenyewe, kwa heshima yake. Kesho yake bwana afya aliweka tone la maji hayo chini ya hadubini, akamwita mjane, Bi Mwantumu, aangalie.

Vijidudu vilipishana mbio, na tone zima likazunguka.

"Nani anayakoroga maji?"

"Hakuna, mama. Kila kimoja kinajisukuma chenyewe. Vikiwa vingi, vinayakokota na maji."

"Ndivyo vilivyomharisha mume wangu hadi akafa?"

"Ndivyo."

"Binti yangu ana mimba. Alikunywa kata mbili, nami nikamsifu."



Sasa kisima kimefunikwa kwa bati. Binti anakaa kibarazani, na kila anaponyanyuka, mama yake ananyanyuka pia.