Upande wa Pili wa Sinia

Mwinyikai alialikwa chakula kwa Mzee Athmani ili ajibiwe posa ya Mwanaidi, binti wa mzee. Upande wake wa sinia aliona mfupa mtupu juu ya wali. Upande wa mzee, mnofu. Mzee alipogeuka kunawa, Mwinyikai alilizungusha sinia polepole, kama mtu anayesahihisha kosa la mwingine.

Walipoanza kula, vidole vya mzee vilikuta kipande kinene cha ini chini ya mfupa.

“Ajabu, kijana. Hiki Mwanaidi alikufichia wewe. Sinia letu limeota miguu?”

Mnofu ulikuwa mdomoni mwa Mwinyikai, haumezeki wala hautemeki.

Mzee aliliweka ini katikati ya sinia. Hakuna aliyeligusa. Pazia la ndani, lililokuwa wazi kidogo, likafungwa.