Kasoro Moja

Fundi cherehani alibandika sikio ukutani. Chumba cha pili, afisa wa ustawi wa jamii alikuwa akimhoji jirani kama fundi anafaa kupewa mtoto wa kulea.

Jirani mwenyewe ana saba. Nepi zake zikianikwa kambani, fundi hufunga dirisha, eti vumbi.

"Kasoro yake?" afisa aliuliza.

"Binti yangu, anayo moja. Wanangu wakiumia wanakimbilia kwake, mimi nabaki na sufuria. Wivu unanila. Kila alfajiri namwomba Mungu ampe wake, aniachie wangu."

Afisa alicheka, akatoka, akaja kupiga hodi.

Fundi alijifuta macho haraka, akafungua. Mkononi kaptura ya kitindamimba wa jirani, sindano ingali inaning'inia.